Je, Wajua? Jina Lipi Litangulie Kwenye Marejeo

Je, wajua kwamba mtindo wa kutaja mwandishi na mwaka ndani ya mabano ulianza na konokono? Mwaka 1881, Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliutumia katika makala kuhusu konokono asiye na gamba. Mtindo wa namba uitwao Vancouver, unaopendwa na majarida ya tiba, ulitokana na mkutano wa wahariri uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1978.

Kwa anayeandaa muswada katika kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, kuna mtihani mwingine: jina. Majarida mengi hudai jina la ukoo. Lakini Burundi, kwa desturi, kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi, hata ndugu wa baba na mama mmoja huenda wasifanane kwa jina. Jina hilo la Kirundi ndilo litangulie kwenye marejeo, na la ubatizo lifupishwe. Mwanahistoria Émile Mworoha, kwa mfano, huandikwa Mworoha, É. (1977) kwa mtindo wa mwandishi na mwaka; kwa mtindo wa Vancouver, Mworoha É, bila mkato wala nukta. Programu za marejeo hazijui desturi hii, na jina likiingizwa kinyume hubaki kinyume.

Na ukikutana na chapisho la kabla ya uhuru wa 1962 lililoandikwa “Usumbura”, usilisahihishe kuwa Bujumbura. Mahali pa uchapishaji huandikwa kama palivyochapwa.