Nani Ashike Usukani wa Mchezo?

Nilikuwa njiani kutoka Kakamega kwenda Mumias, nikateremka Shianda ninywe chai. Ubavuni mwa hoteli palikuwa na kibanda chenye meza ya biliadi, na vijana wamezuka na zogo. Mwenye meza alikuwa amepandisha bei na kugeuza kanuni ya mpira mweupe ukitumbukia shimoni.

"Wachezao ni sisi. Mbona hatukuulizwa?" akateta mmoja.

"Na meza ni ya nani?" akajibiwa.

Ndugu msomaji, ugomvi huo ni mkongwe. Snuka, ndugu ya mchezo ule, ilianzia Jabalpur, Bara Hindi, mwaka 1875, kwa maofisa wa jeshi la Kiingereza. Ubingwa wa dunia wa wachezaji wa kulipwa ulianza kwa juhudi za mchezaji mwenyewe, Joe Davis, aliyeutwaa mwaka 1927. Lakini chama kilichotawala hakikuwa cha wachezaji. Mwaka 1952 wakagombana juu ya fedha za zawadi. Wachezaji wakasusa, na ubingwa rasmi ukagombewa na watu wawili tu, Horace Lindrum na Clark McConachy.

Waliosusa wakaanzisha mashindano yao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao walikuwa wamekilalia. Hata hivyo, kufikia mwaka 1957 mashindano hayo yalikuwa yamekwisha. Mwaka 1968 wachezaji wakakifufua chama chao, na tangu 1970 kikajulikana kwa jina la WPBSA, chenye kuendesha mchezo wa kulipwa.

Alhasili, walishika usukani. Je, chombo kilikwenda sawa? Si siku zote. Mchezaji akikaa barazani, huamua jambo linalogusa mfuko wake na wa mpinzani wake. Msimu wa 2009/10 mashindano makubwa ya kupanga daraja yalikuwa 6 tu. Juni 2010 wakapiga kura: 35 wakakubali, 29 wakakataa, kumpa Barry Hearn, mfanyabiashara asiye mchezaji, asilimia 51 ya kampuni ya biashara ya mchezo. Mashindano yakaongezeka. Chama kikabaki na kanuni na nidhamu, na kwa miaka mingi kimeongozwa na Jason Ferguson, mchezaji wa zamani.

Funzo ninaloliona ni hili: mchezaji asinyimwe kauli, wala asiachiwe kuwa mshindani, mweka hazina na kadhi kwa wakati mmoja. Hata kuuacha usukani, wale waliulizwa kwanza.

"Mzee, wewe wasemaje?" vijana wakaniuliza. Nikawaambia: bei ni ya mwenye meza, lakini awaeleze kabla; kanuni ziandikwe ukutani kwa shauri la wote; na mwamuzi awe mtu asiyecheza siku hiyo.

Mwenye meza hakunijibu. Lakini matatu ilipofika, nilimwona amevuta benchi, amekaa nao, na kijana mmoja anatafuta kalamu.