Karatasi ya Mbegu na Hesabu ya Maji

Karatasi ya mbegu ni karatasi iliyotengenezwa kwa mkono kutokana na karatasi chakavu, ambayo ndani ya nyuzi zake zimefumbatwa mbegu hai za maua au za mimea ya viungo, ili kadi ya mwaliko ikishamaliza kazi yake ifukiwe udongoni badala ya kutupwa jalalani. Ufundi wenyewe ni ule wa kale wa China, ambako historia inamtaja Cai Lun, ofisa wa ikulu, kuwa ndiye aliyemwonyesha mfalme mwaka 105 karatasi ya magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu: malighafi hurowekwa na kupondwa mpaka iwe rojo, yaani uji mzito wa nyuzi na maji, kisha rojo hilo huchotwa kwa fremu yenye wavu, likachujwa na kuanikwa.

Ugumu uko kwenye maji. Karatasi haifanyiki bila maji, na maji ndiyo ishara ambayo mbegu kavu huingojea ili iamke. Mbegu ikilowa hufyonza maji na kuvimba, kisha hupita kipindi cha utulivu ambapo vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali katika viumbe hai, huanza kuvunja akiba yake ya chakula, na mwishowe kizizi cha kwanza hupasua ganda. Kabla ya hapo, mbegu nyingi huweza kukaushwa tena zikabaki hai. Kizizi kikishatokeza, kukauka ni kufa. Ndiyo maana fundi mwangalifu hasagi mbegu pamoja na karatasi, bali huzinyunyiza juu ya rojo lililokwisha kuchujwa, huzibonyeza taratibu kwa sifongo, kisha huianika karatasi kivulini penye upepo ili ikauke upesi, wala hathubutu kuipiga pasi, kwa kuwa joto kali huua kiini cha mbegu.

Mrehani, ambao akina mama wa pwani huufunga pamoja na asumini katika kikuba, ni mfano mzuri wa mbegu inayofaa. Mbegu yake ni nyeusi na ndogo kuliko ufuta, na ikilowa kwa dakika chache tu huvikwa ute wa kijivu mpaka ikafanana na jicho dogo lenye mboni katikati. Ute huo huishikiza barabara kwenye nyuzi, ingawa pia huhifadhi unyevu na kuichelewesha karatasi kukauka. Giligilani haina bahati hiyo, kwani kile kinachoitwa mbegu yake ni tunda kavu la mviringo lenye mbegu mbili ndani, ambalo huitoboa karatasi na kudondoka, hivyo ni afadhali ipandwe moja kwa moja.

Wakati wa kupanda, karatasi huchanwa vipande, hulowekwa, hulazwa juu ya udongo laini wenye mboji na kufunikwa kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Wengi hukosea hapa kwa kuifukia kana kwamba ni mahindi, ilhali mbegu ndogo haina akiba ya kuisukuma chipukizi kutoka kina kirefu, na kamomaili huhitaji mwanga ili iote, kwa hiyo haifunikwi kabisa. Katika siku za mwanzo karatasi isiachwe ikauke, maana hujikunja na kuving'oa vizizi vichanga. Mahali penye joto, mrehani huchomoza baada ya siku 5 hadi 10.

Jambo moja linastahili ukali. Karatasi iliyoandikwa tu kwamba ina maua ya porini, bila kutaja jina la mmea, isifukiwe bustanini: gugu maji lililoenea Ziwa Victoria, na lantana inayosonga malisho, yote mawili asili yake ni Amerika na yalisambazwa duniani kama mapambo. Fundi wa hapa hana haja ya kuagiza mbegu za mbali, kwa kuwa mrehani wa uani, vikonyo vyake vikishakauka na kugeuka kahawia, hukung'utwa juu ya sinia na kutoa mbegu za kutosha karatasi nyingi.