Uamuzi wa Mashine na Haki ya Kuelezwa: Mfano wa Mundika

Watumiaji wa Kiswahili hawajaafikiana juu ya jina la maarifa haya mapya. Wengine husema akili bandia, wengine akili unde, na Tanzania imezoeleka akili mnemba. Majina yote matatu yana neno "akili", nalo laweza kupotosha. Mashine haipimi shauri kama afanyavyo mzee wa baraza. Hupewa kumbukumbu za watu wengi mno, hutafuta ndani yake mwenendo unaojirudia, kisha hukisia mtu fulani atafanya nini. Kwa hiyo usawa wa makisio hayo hutegemea kumbukumbu zilizomo, na zaidi zile zisizokuwamo.

Jambo hili hudhihirika Mundika, karibu na mji wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Tangu M-Shwari ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi wa Novemba 2012, mtu aweza kuomba na kupata mkopo mdogo kwa simu pasipo kuonana na karani. Mwenendo wake wa kutuma na kupokea fedha ndio unaomtolea ushahidi. Basi na achukuliwe, kwa mfano, mchuuzi anunuaye mahindi ng'ambo kwa laini ya simu ya Uganda, akayauza upande wa Kenya. Biashara yake ni moja, lakini kumbukumbu zake ni mbili, kila moja katika nchi yake. Mashine ionayo nusu ya kumbukumbu itamhesabu kuwa mtu wa nusu ya biashara. Hapana aliyekusudia kumdhulumu. Hata hivyo amepunjwa.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache, kama vile mkataba au ridhaa yake. Hata katika hali hizo, sharti aarifiwe kwa maandishi, naye aweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Uganda nayo ilitunga sheria yake mwaka huo huo.

Lakini haki ya kuuliza haimfai asiyeelewa alichoandikiwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tena inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Mundika husemwa Kikhayo. Malaba husemwa Kiteso, ambacho husemwa pia upande wa pili wa mpaka. Taarifa iliyojaa istilahi za kigeni hutimiza maandishi ya sheria, bali huacha kusudi lake.

Huenda ikadhaniwa kwamba dawa ni kuunganisha kumbukumbu za nchi zote mbili. Hilo lingeiongezea mashine macho, na kumpunguzia mchuuzi sitara. Lililo la haki zaidi ni kwamba aambiwe, kwa lugha aijuayo, kuwa mashine ndiyo iliyoamua, na kwa sababu gani. Kisha awepo mtu mwenye mamlaka ya kuutengua uamuzi huo, ambaye mchuuzi aweza kumwonyesha, akipenda mwenyewe, daftari lake la mauzo na hesabu ya laini yake ya pili. Hapo ndipo kazi ya wanaotunga istilahi inapokutana na kazi ya wanaotunga sheria.