Mulinee ya zamani: usiitupe, ifungue kwanza

Baba mdogo wangu, ku Kalemie, anavua kuhe akisimama ku mchanga, bila mtumbwi. Mulinee yake, ile mashini ndogo ya kukunja uzi, ni Mitchell nyeusi ya zamani, yenye umbo la yai. Mashini hizo zilitengenezwa na Carpano & Pons kule Cluses, Ufaransa, mji wa mafundi wa saa. Ukiifungua utaona: meno madogo madogo, kila kitu na nafasi yake. Mwaka jana ilikwama samaki akiwa tayari ku ndoano. Uzi ukakatika, na jioni ile nyumbani walikula sombe tupu. Alinunua nyingine mpya ya bei ndogo, haikumaliza hata msimu. Njo akarudia ile ya zamani.

Kule Marekani, ku fuko za Atlantiki, wavuvi bado wanatunza mulinee za zamani za Penn, kampuni iliyoanzia Philadelphia. Adui yao ni chumvi. Sisi ziwa letu halina chumvi ya namna ile, adui wetu ni mchanga. Upepo wa kusini ukianza kiangazi, wimbi linaurusha mpaka ndani ya mashini, unachanganyika na grisi na kusaga meno polepole.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza ni kuifungua. Piga picha na simu kila unapotoa kipande. Angalia sana rondele nyembamba zilizo chini ya gurudumu kubwa: ukikosea nafasi zake, meno hayatakutana vizuri. Osha vyuma na petroli ya taa na mswaki wa meno. Usitumie esanse, inashika moto haraka na inaweza kula plastiki. Kausha, kisha paka grisi kidogo ku meno. Kidogo, ndugu zangu! Grisi nyingi inakokota mchanga. Kale kagurudumu uzi unapopitia, weka tone moja la mafuta ya mashini ya kushonea. Kapitishie pamba: ikinasa, kuna mfereji, na mfereji ule njo unakata uzi.

Sasa ule upinde wa waya unaofungua na kufunga uzi. Springi yake ikichoka, upinde unajifunga katikati ya kurusha. Uzi unakatika na ndoano inaruka peke yake, hatari kwa mtu aliye karibu. Wale wa Marekani wengi waliuondoa kabisa, na Penn yenyewe iliuza namna moja isiyo na upinde, 706. Baba mdogo alifanya vile vile: alitoa waya, akaacha kagurudumu. Kabla ya kurusha anatoa uzi ku kagurudumu na kidole. Uzito ukianguka majini, anaurudisha na kidole. Wiki ya kwanza alikosa mara nyingi. Tena, waya ukitoka, mashini inatikisika ukizungusha haraka, juu uzito umepungua upande mmoja. Yeye anazungusha taratibu tu.

Ukirudi nyumbani, panguza na kitambaa chenye maji. Usiizamishe ndani ya ndoo, maji yanaingiza mchanga ndani zaidi. Kisha legeza breki ya bobini, juu rondele zake zikikaa zimebanwa usiku wote zinashikana, na kesho samaki mkubwa akivuta uzi hautatoka. Baba mdogo aliandika hilo na chaki ku mlango wa stoo: LEGEZA.