Samaki wa Kukodishwa

Mvuvi wa visiwa vyetu akielezwa habari hii kwa mara ya kwanza hudhani anafanyiwa mzaha. Huko Ufaransa wako watu wanaosafiri siku nzima kwa gari, wakalipa mamia ya euro, wakapiga hema kando ya ziwa kwa muda wa juma zima, na kukesha usiku wakisubiri mshipi uguswe. Samaki anapopatikana, pengine mwenye uzito wa kilo 20 au zaidi, humpima, humpiga picha, kisha humrudisha majini taratibu. Jioni hiyo hiyo wavuvi hao hula chakula cha kopo.

Kwa watu ambao kwao samaki ni kitoweo, ada ya skuli na bei ya mafuta ya taa, jambo hili laweza kuonekana kuwa ni upuuzi wa walioshiba. Sisi tunaona kwamba kucheka na kupita si kutosha. Nyuma ya mchezo huo ipo biashara, ipo sheria, na upo ugomvi wa zamani juu ya nani mwenye haki ya maji. Mambo hayo matatu yanatuhusu sana sisi tuliozungukwa na maji pande zote.

Samaki mwenyewe anaitwa kapi, na ndugu zetu wa majahazini wasimchanganye na kapi la kupandishia tanga. Ni samaki wa maji baridi, wa ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Viktoria. Ana sharubu nne mdomoni, magamba makubwa, na hana meno ya mbele. Chakula hukisaga kwa meno yaliyomo kooni. Asili yake ni mito inayomiminika katika Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Katika Zama za Kati watawa wa Kikristo walimfuga katika mabwawa ya Ulaya Magharibi, maana siku zao za kufunga walikatazwa nyama lakini samaki waliruhusiwa. Basi tangu mwanzo kapi alikuwa chakula, na hadi leo yako maeneo ya Ufaransa ambayo bado yamshika katika daraja hiyo.

Mfano mzuri ni Dombes, nchi ya mabwawa yapatayo elfu moja, kaskazini-mashariki ya mji wa Lyon. Huko bwawa hujazwa maji kwa miaka michache na kufugwa samaki, kisha maji hutolewa, samaki huvunwa, na kwa mwaka mmoja sakafu ya bwawa hupandwa nafaka. Tope lililorutubishwa na samaki huinufaisha nafaka, na mabua yanayobaki huwanufaisha samaki wa zamu ijayo. Utaratibu huo umedumu kwa karne nyingi, na maji ya bwawa moja hushuka katika bwawa la jirani, hata wakulima wakalazimika kuelewana juu ya siku ya kufungua na siku ya kufunga.

Habari ya kapi wa starehe ni nyingine, na chimbuko lake ni Uingereza. Kwa muda mrefu Waingereza waliamini kwamba kapi mkubwa ni mwerevu mno, hashikiki kwa ndoana. Mwezi wa Septemba 1952 mvuvi aitwaye Richard Walker alimtoa katika bwawa la Redmire kapi mwenye uzito wa ratili 44, yaani kilo 20 hivi, na samaki huyo akapelekwa hai katika bustani ya wanyama ya London. Tangu hapo imani ile ikavunjika. Karibu na mwaka 1980 wenzao wawili wakabuni njia mpya: chambo hakichomwi katika ndoana, bali huning'inizwa kando yake kwa uzi mfupi. Kapi hufyonza chambo, akihisi kitu kigumu hutaka kukitema, na hapo ndoana tupu humshika mdomo. Chambo chenyewe ni vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa vikawa vigumu, ili samaki wadogo wasiviharibu.

Baada ya kuipata hila hiyo, Waingereza wakaangalia ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari. Ufaransa ina maziwa mapana zaidi, na huko kusini majira ya joto ni marefu. Katika miaka ya 1980 sifa za ziwa la Saint-Cassien, lililozaliwa na bwawa la umeme la mwaka 1966 karibu na pwani ya Mediterania, zilienea kwa wavuvi wa Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani. Baadaye wenye mashamba wakatambua kwamba shimo la kokoto au bwawa la kale laweza kuzaa fedha. Leo yako maziwa mengi ya watu binafsi yanayokodishwa kwa juma, aghalabu Jumamosi hadi Jumamosi, na baadhi ya wenyewe ni Waingereza waliohamia huko. Mgeni hupewa mahali pake ukingoni, na akipenda hulipia chakula, friji ya chambo na nyumba ya familia.

Hapa ndipo ilipo hesabu. Kapi huishi miaka mingi, na hafiki kilo 20 kwa siku moja. Akiuzwa sokoni huleta bei ya mara moja. Akibaki hai ziwani, huvuliwa na huyu mwaka huu na yule mwaka ujao, na kila mmoja amelipa. Wavuvi huwatambua samaki mmoja mmoja kwa mpangilio wa magamba, wakawapa majina, wakaandika uzito wao kila wanapotoka majini. Kwa hiyo mwenye ziwa hamwachii mgeni afanye apendavyo. Sharti kuwe na godoro la kumlazia samaki, nalo liloweshwe maji kwanza. Sharti wavu wa kuopolea uwe mpana. Na jeraha la ndoana hutiwa dawa. Mahali pengi mgeni hukatazwa kuleta nyavu zake mwenyewe, kwa sababu uko ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, unaoweza kusafiri katika wavu wenye unyevu na kuangamiza kapi wa ziwa zima maji yanapopata joto. Uzembe wa mtu mmoja waweza kufuta kazi ya miaka ishirini.

Ndugu msomaji asidhani kwamba maji yote ya Ufaransa ni ya matajiri. Mito na maziwa ya umma yana utaratibu wake, na hapo ndipo tunapotaka maofisa wetu watie nadhari. Kila avuaye katika maji hayo hana budi kuwa na kadi ya uvuvi. Zipo kadi za mwaka, za juma na za siku moja. Kadi hutolewa kupitia vyama vya wavuvi vinavyotambuliwa na serikali, ambavyo idadi yake inapita 3,000, na wanachama wake ni takriban milioni moja na nusu. Vyama hivyo, kwa sheria, vina kazi mbili zisizotengana: kusimamia uvuvi na kuyalinda maji. Mvuvi anapolipa ada huwa amelipia pia usafi wa mto anaovua.

Kuna na masharti ya saa. Kwa kawaida uvuvi huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kwisha nusu saa baada ya jua kutua. Kapi huweza kuvuliwa usiku, lakini katika sehemu tu zilizotajwa kwa amri ya mwakilishi wa serikali mkoani, na kapi wa usiku hana ruhusa ya kuwekwa kifungoni hata kwa muda. Zaidi ya hayo, sheria ya mazingira inamkataza mvuvi wa burudani kusafirisha akiwa hai kapi mwenye urefu unaozidi sentimita 60, na faini yake yafika euro 22,500. Sababu ni wizi. Samaki mkubwa alipopata thamani katika maziwa ya kukodisha, walitokea watu wa kumnyemelea usiku katika maji ya umma, kumtia ndani ya gari la tangi, na kwenda kumuuza kwa mwenye ziwa asiyeuliza maswali. Mali ya wote ikageuka mali ya mmoja kwa mwendo wa usiku mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafaransa wameongeza kwamba daftari bila faini halimtishi mwizi.

Tunasema haya bila kusahau upande wa pili. Tuchukue ziwa la Der-Chantecoq katika nchi ya Champagne, ambalo mvuvi wa kapi hulitaja kwa shauku. Ziwa hilo halikuumbwa na maumbile. Baada ya mafuriko makubwa ya Paris ya mwaka 1910, na mengine ya mwaka 1924, serikali iliazimia kujenga mahali pa kuyahifadhi maji ya mito kabla hayajaufikia mji mkuu. Ziwa la Der lilikamilika mwaka 1974, lenye eneo la hekta 4,800 na uwezo wa mita za ujazo milioni 350. Hupokea maji ya mto Marne wakati wa mvua na kuyarejesha wakati wa kiangazi. Ili lijazwe, vijiji vitatu viliondolewa: Chantecoq, Champaubert-aux-Bois na Nuisement-aux-Bois. Kanisa la Champaubert limebaki peke yake kwenye ncha ya ardhi, na la Nuisement lilibomolewa na kujengwa upya kwingine. Mtalii anayetupa mshipi wake hapo, anautupa juu ya viwanja vya watu. Paris imepata usalama na mkoa umepata wageni. Lakini waliohamishwa ndio waliolipa kwanza, na kila mradi wa maji una watu wa namna hiyo. Ni wajibu kuwataja.

Tena liko suala la ua. Ziwa linapokodishwa kwa wageni, kijana wa kijiji aliyezoea kuvua hapo bila malipo hukuta lango limefungwa. Muuza mikate hupata wateja wapya, na mwenye nyumba ya kupangisha hufurahi. Mwenye ufito mmoja wa mwanzi hukosa. Faida na hasara hazikuangukia mikono ile ile. Ufaransa imepunguza machungu hayo kwa kuyaacha maji mengi wazi kwa kila mwenye kadi. Pasipokuwa na maji mengine ya kukimbilia, ua mmoja tu unatosha kuleta njaa.

Basi sisi wa visiwani tuchukue nini, na tuache nini? La kuacha ni samaki mwenyewe. Jirani zetu wa Kenya wanalo funzo karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapi alionekana katika Ziwa Naivasha, bila ya kupandikizwa humo kwa makusudi, na haukupita muda mrefu akawa ndiye sehemu kubwa zaidi ya samaki wanaovuliwa. Kapi huchimbua tope akitafuta chakula, huyachafua maji na kung'oa majani. Yuko aliyepata riziki kwake, lakini hakuna awezaye kumwambia arudi alikotoka. Kiumbe mgeni huingia majini kwa siku moja, na kumtoa hakuwezekani.

La kuchukua ni utaratibu. Siku litakapoletwa mezani ombi la mtu anayetaka kukodi ghuba, mwamba au kisiwa kwa ajili ya uvuvi wa starehe, maofisa wetu wasianze kwa kuuliza atalipa kiasi gani. Waanze kwa kuuliza nani anavua hapo sasa, kwa chombo gani na kwa msimu gani, na majibu yaandikwe kwa majina mbele ya watu wa diko hilo. Waulize kisha sehemu ipi ya malipo itabaki kwa ajili ya kuyalinda maji yale yale, mikononi mwa kamati ya wavuvi yenye hesabu zinazosomwa hadharani. Tena waulize ni nani atakayekagua masharti usiku, kwa boti ipi na mafuta ya nani. Ombi lisilo na majibu ya maswali hayo lirudishwe kwa mwenyewe.

Na sisi wavuvi tuna fungu letu. Wageni wale humrudisha samaki mzima kwa sababu wanajua kwamba kesho watamhitaji. Hakuna anayetutaka tumrudishe changu wa kitoweo baharini ilhali watoto wana njaa. Lakini chipukizi wa samaki aliyenaswa katika juya la macho madogo, na pweza asiyefika hata nusu kilo, hao hawashibishi mtu leo na wanatunyima chakula cha mwakani. Mfaransa na Mwingereza wameweza kumwacha kapi akue miaka ishirini kwa ajili ya picha. Haitushindi kumwacha pweza akue miezi michache kwa ajili ya sufuria.