Tangazo la A4 kwenye kioo cha simu

Chukua tangazo la kawaida la semina, mahafali au mnada, lile linalobuniwa kwenye kompyuta kwa ukubwa wa karatasi ya A4 kisha likasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kioo cha simu nyingi zilizo mikononi mwa watu kina upana wa sentimita 7 hivi. Kwa hiyo tangazo likimfikia msomaji limeshanywea hadi theluthi, na herufi za saizi 12, ambazo mbunifu alizisoma bila shida mezani kwake, zimekuwa sawa na herufi za saizi 4. Hakuna gazeti linalochapa habari kwa herufi ndogo kiasi hicho. Msomaji inambidi aikuze picha kwa vidole viwili, aisogeze kushoto na kulia akitafuta ukumbi uko wapi na kiingilio ni shilingi ngapi, na wengi hawana subira hiyo. Mwenye tangazo akilalamika kuwa watu hawakulisoma, huambiwa picha ilikosa ubora, airudie kwa pikseli nyingi zaidi. Ushauri huo haumsaidii kitu. Hata akizidisha pikseli mara kumi, herufi zitabaki za saizi 4, kwa kuwa kioo hakijapanuka.

Anayeuliza picha ya Instagram au Facebook iwe na pikseli ngapi anauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Swali la kwanza ni umbo, yaani uwiano wa upana na urefu, na jinsi kitu kitakavyoonekana kikiwa ndani ya umbo hilo mkononi mwa mtu. Pikseli zikizidi, hupunguzwa kwa sekunde chache na hakuna anayegundua. Umbo likikosewa, dawa zilizobaki ni mbili tu, kukata au kujaza mapengo kwa rangi tupu, na zote mbili zina hasara. Ndiyo maana nasema umbo liamuliwe kabla picha haijapigwa na kabla tangazo halijaanza kubuniwa. Hesabu ya pikseli inaweza kusubiri hadi dakika ya mwisho.

Maumbo tuliyoyazoea hayakuzaliwa na simu. Uwiano wa 3 kwa 2 ulitokana na kamera za filamu ya milimita 35, zilizopata umaarufu baada ya kamera ya Leica kuingia sokoni mwaka 1925. Ule wa 4 kwa 3 ulikuwa wa sinema za mwanzo na televisheni za zamani, 16 kwa 9 ni wa televisheni za kisasa, na A4 ni karatasi ya ofisini. Kila umbo lilifaa mahali pake. Simu, kwa upande wake, hushikwa wima, na mtu anapoteremka na machapisho kwa kidole gumba, upana wa kioo ndio mpaka usiovukika. Picha zote hujaza upana uleule; kinachotofautiana ni urefu. Ukiwa na upana wa pikseli 1080, picha ya mlalo ya 16 kwa 9 itakuwa na urefu wa 608 tu, ya mraba 1080, na ya wima ya 4 kwa 5 itafikia 1350. Hiyo ya mwisho inapata nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza kwenye kioo kilekile, bila mwenye nayo kulipa hata senti. Kwa muuza nguo, mpishi wa keki au taasisi inayotangaza chanjo, nafasi hiyo ni herufi kubwa zaidi na sura za watu zinazotambulika.

Pingamizi la kwanza ni la haki: kuna vitu ambavyo kwa asili ni vipana. Kanga ni mfano mzuri. Ikitandazwa, upana wake hukaribia mara moja na nusu ya kimo chake, na jina lake limeandikwa chini kwa mstari mmoja mrefu. Ukiipiga picha nzima, umbo la wima la simu linaifanya kuwa ukanda katikati ya kioo, na jina, ambalo mara nyingi ndilo linalomfanya mnunuzi aitake, halisomeki. Ukiiacha programu iikate ijae, pindo za kushoto na kulia zinapotea na jina linakatika maneno. Lakini hapo tatizo halimalizwi kwa kushikilia mlalo. Linamalizwa kwa kukubali kuwa picha moja haitoshi: ya kwanza ioneshe kanga imevaliwa au imetundikwa, mtu alione pambo la mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na rangi zake, ya pili isogee kwenye jina peke yake, lisomeke kwa ukubwa wa kioo kizima. Umbo la wima halikuifukuza kanga. Limemtaka mpigapicha aamue nini kisomwe kwanza, uamuzi ambao angepaswa kuufanya hata kwenye ukurasa wa gazeti.

Tukishakubaliana juu ya umbo, pikseli zinakuwa jambo dogo, ingawa zina mitego yake. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya 4000 kwa 3000, yaani nukta milioni 12. Ikipunguzwa hadi upana wa 1080, inabaki na nukta zisizofika laki tisa. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi zimetupwa, na picha bado inaonekana safi. Na simu nyingi za bei nafuu zina kioo chenye upana wa pikseli 720, kwa hiyo hata hizo 1080 hazionekani zote. Anayepakia faili kubwa akidhani anatuma ubora, kwa kweli ameiachia mashine ya kampuni kazi ya kupunguza na kubana kwa kanuni ambazo hakuzichagua. Ni bora aifanye kazi hiyo mwenyewe, aitazame, kisha aipakie ikiwa tayari na upana wa 1080.

Kubana huko kunafaa kueleweka, maana ndiko kunakozaa zile chenga zinazozunguka maandishi. JPEG, muundo wa picha uliowekewa viwango mwaka 1992, huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha hufuta ndani ya kila kijisanduku yale ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Kwenye anga, ngozi au ukuta, ufutaji huo haudhuru. Kwenye maandishi madogo unadhuru sana. Rudi kwenye lile tangazo la A4: likishushwa hadi upana wa 1080, herufi ndogo ya saizi 12 inabaki na kimo cha pikseli kama 10, karibu sawa na kijisanduku kimoja, na kila ukingo wake unachafuka. Isitoshe, JPEG kwa kawaida hutunza mwanga na kivuli kikamilifu zaidi kuliko rangi. Taarifa za rangi mara nyingi hupunguzwa hadi robo. Ndiyo sababu maandishi mekundu juu ya kijani au buluu hutoka yamevujiana, wakati meusi juu ya njano hubaki makali. Nembo na maandishi ni heri yahifadhiwe kwa PNG kabla ya kupakiwa, na kwenye WhatsApp, ambako picha za kawaida hubanwa zaidi, tangazo litakalochapwa litumwe kama faili la hati.

Wapo wanaosema kujifunza vipimo ni kupoteza muda, kwani hubadilika kila baada ya muda mfupi. Ukweli huo naukubali, na kwangu ndio unaonipa nguvu. Instagram ilianza Oktoba 2010 ikikubali mraba peke yake. Agosti 2015 ilifungua mlango kwa picha za wima na mlalo, ikieleza kuwa karibu moja kati ya tano ya zilizokuwa zikiwekwa haikuwa ya mraba. Watu walikuwa wakizungushia kingo nyeupe ili zikubalike. Januari 2025 vijipicha vya kwenye wasifu navyo vikaacha mraba na kuwa wima, na waliokuwa wamepanga maneno hadi ukingoni mwa miraba yao wakakuta yamekatwa. Jedwali la vipimo la mwaka 2014 halina kazi leo. Aliyeweka kitu cha maana katikati na kuacha nafasi pembeni, yeye hakupata hasara mwaka 2015 wala 2025.

Kuacha nafasi ndiyo kanuni inayosahaulika zaidi kwenye picha na video za wima kamili, zile za 1080 kwa 1920 zinazotumika TikTok, Reels, Shorts na stetasi. Mtu huona kioo kizima ni chake. Sicho. Juu kuna jina la akaunti, kulia vitufe vya kupenda na kushiriki, chini maelezo na jina la muziki. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, huwashauri watangazaji wa Reels waache asilimia 14 juu na asilimia 35 chini bila maandishi muhimu, yaani karibu nusu ya kimo cha video. Namba ya simu ya biashara ikiandikwa chini kabisa, mahali ilipozoea kukaa kwenye bango la karatasi, itafunikwa. Ipande juu, karibu na katikati.

Kwenye video, gharama ya ukubwa haimwangukii mpakiaji peke yake. YouTube hupendekeza faili linalopakiwa la video ya mlalo yenye kimo cha pikseli 720 liwe na megabiti 5 kwa sekunde, la 1080 liwe na 8, na la 4K lianzie 35. Dakika moja basi ni kama MB 38, 60 na zaidi ya 260. Mtandao hutengeneza nakala ndogo kwa watazamaji, lakini video ikitumwa moja kwa moja kwenye makundi kama faili, anayeipokea anailipia kwa bando lake, nukta zisizoonekana kwenye kioo chake zikiwemo. Kwa video inayosambazwa hivyo, 720 inatosha, na nadhani kumtunzia mtu MB zake ni sehemu ya adabu ya kuwasiliana naye.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote, la wapigavideo wa harusi, mpira na mikutano. Wanasema tukio lina wachezaji 22 au meza kuu yenye watu kumi, na familia itataka kuitazama kwenye televisheni miaka ijayo; kurekodi wima ni kuliharibu. Wako sahihi, na hapa umbo la mlalo ndilo linalopaswa kutangulia. Kosa hutokea baadaye, wanapotaka kipande cha wima kutoka kwenye rekodi hiyo. Video ya 1920 kwa 1080 ikikatwa kuwa wima inabaki na upana wa pikseli 608, chini ya theluthi ya picha, kisha inavutwa ijaze 1080 na kupoteza makali. Ikiwa imerekodiwa kwa 4K, ya 3840 kwa 2160, kipande hichohicho kina upana wa 1215, kinachotosha na kubaki. Hapo ndipo pikseli nyingi zinapostahili nafasi yake ya kuhifadhiwa, mradi mpigavideo awe amejua tangu mwanzo kwamba atakata, na awaweke bibi na bwana harusi katikati ya fremu badala ya kuwaegemeza pembeni.