Kiingereza cha hospitali kina "ngeli" zake

Tuseme unasoma utabibu Masasi, au uuguzi huko juu Newala. Shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili, sekondari ukakutana na Kiingereza cha kujibia mitihani. Chuoni unakuta kingine kabisa: maneno marefu ambayo hata Mwingereza wa mtaani hayajui. Hilo likupe moyo. Mengi yameundwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, kwa hiyo hata mwanafunzi wa London huanza kwa kuyakodolea macho.

Wewe tayari umezoea lugha ya vipande. Mgonjwa, ugonjwa, magonjwa: mzizi ni mmoja, kinachobadilika ni kiambishi. Kimakonde nacho kimejengwa hivyo hivyo. Sasa chukua "-itis", kuvimba kwa kiungo kutokana na maambukizi au sababu nyingine. Weka "hepat-", ini, unapata hepatitis. Weka "gastr-", tumbo la chakula, unapata gastritis. Vipande hamsini hivi vitakufungulia mamia ya maneno. Kukariri neno zima zima ni kujitesa bure.

Ila kuna vipande vya kuogopa. "Hyper-" ni juu ya kiasi, "hypo-" ni chini ya kiasi, na kwenye mwandiko wa haraka wa faili hufanana mno. Hyperglycaemia ni sukari kupanda kwenye damu, hypoglycaemia ni sukari kushuka. Mpe insulini mtu ambaye sukari yake imeshuka, unaweza kumuua. Kiswahili kinakupa kamba ya kushikilia: "hypo" hutamkwa karibu na "haipo". Sukari haipo, yaani imepungua. Halafu usiliamini neno peke yake, tazama kipimo. Kwa mgonjwa anayetumia dawa za kisukari, chini ya milimoli 4 kwa lita ni ya kushughulikiwa hapo hapo. (Ukikuta kitabu kimeandika "glycemia" bila "a", usishtuke, ni tahajia ya Kimarekani.)

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni upande wa pili. Bibi aliyekaa mbele yako hatasema hypoglycaemia. Atasema anatetemeka, jasho linamtoka, macho yanaona giza. Au atasema tu "nina presha", na kumbe ana wasiwasi wa mjukuu. Utafiti uliofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 ulionesha kwamba wazazi wengi waliiona degedege kuwa ugonjwa tofauti na malaria, wa kupelekwa kwa mganga. Ukimuuliza mzazi kuhusu malaria pekee, anaweza asiitaje kabisa.

Kwa hiyo daftari lako liwe na safu tatu: neno, vipande vyake, na maneno ya mgonjwa. Mfano, dyspnoea: "dys-" ni shida, "-pnoea" ni kupumua. Safu ya tatu andika "nabanwa na kifua", "pumzi inakata", kisha acha nafasi, maana wodini utasikia mengine.